Frateri, Anasemaje?

Nyie mliobaki na chumba cha gemu, nimewaachia funguo, nimewaachia pedi nane za kuchezea, sita nzima na mbili za kubembeleza, na nimewaachia daftari linaloonyesha memori kadi ipi ni ya nani. Mliniomba niandike namna kazi inavyofanyika. Nilikuwa nimepanga kurasa mbili tu za kusafisha sidii, basi, nikae barazani kwangu ninywe uji. Lakini baada ya yale ya Jumamosi ya kuagwa kwangu, kurasa mbili hazitoshi.

Vyeo sitaviandika kwa sababu chumba kile hakikuwa na vyeo. Kulikuwa na tajiri na kulikuwa na mimi. Mshahara nao ni siri ya mtu na mkewe.

Nilianza miaka ile TV zote ni za chogo na umeme wa Mpanda ni wa majenereta, unakuja ukijisikia. Tajiri alikuwa amefungua chumba cha gemu nyuma ya duka lake la vipuri vya baiskeli, akatafuta mtu mwaminifu. Mimi nilikuwa nimetoka seminari. Hiyo ni kweli tupu, na kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo, nimetoka seminari. Nisichokisema ni kwamba seminari nilikuwa jikoni. Miaka miwili nilisonga ugali wa mafrateri, wale wanaosomea upadre, nikajua nyimbo za Kilatini kwa kuzisikia kupitia dirisha la jiko, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha kuulizwa chumvi iko wapi. Siku ya kwanza tu tajiri akaniita Frateri mbele ya wateja. Nami nikaitika. Kule kuitika ndiko kulikoniponza.

Kazi yenyewe alinifundisha fundi redio mmoja, Mzee Leonsi, aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya treni. Alikuwa hacheki, hasifu, na akikuta umefungua mashine kabla ya kutazama waya, anakufukuza kama kuku. "Mashine haifi kichwani," aliniambia, "inafia shingoni." Ni kweli. Pedi kumi zikigoma, tisa zimekatika waya pale unapoingilia, na mnaoikunja pedi kama kamba ya mbuzi ndio wauaji. Sidii ikikwaruzwa, chukua dawa ya meno kidogo na kitambaa cha pamba, futa kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe. Ukizungusha unamalizia alichoanza mwenzako. Mashine ikikataa kabisa kusoma, igeuze tumbo juu, itasoma. Msiniulize kwa nini, Mzee Leonsi naye nilimwuliza akaninunia wiki nzima.

Wateja wengi walicheza mpira. Halafu siku moja kondakta wa treni ya kutoka Tabora akaleta sidii isiyo na kava, akasema ni ya ndondi. Tukaiweka. Ndondi hakuna. Tukaona kijana mwenye nywele za bluu amelala kando ya mto, anaamka, anatazama huku na huku, na chini ya kioo kinatokea kisanduku cha maneno. Herufi zenyewe, ala! Kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Miaka mingi baadaye ndipo niliambiwa kile ni Kijapani.

Aliyeshika pedi alikuwa Deus. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mbeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akitoka kazini anakuja moja kwa moja na pumba zake kichwani, anakaa kiti cha mbele kabisa, mgongo mlangoni. Kwao na kwetu ni kijiji kimoja, Mamba, hivyo nilimhesabu kama mdogo wangu. Deus akajaribu kuzisoma zile njiti, akashindwa, akasema bila kugeuka, "Frateri, anasemaje?"

Chumba kizima kikanigeukia. Wanaume wazima ishirini wananisubiri mimi mtu wa seminari. Ningesema sijui, yote yangeishia pale, na tajiri angejua amemwajiri mpishi. Nikakohoa. Nikasema, "Anasema, nimetoka mbali, sijui nimefikaje hapa, na nina njaa."

Chumba kikasema, "Aaaah."

Basi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa msomaji.

Tukaipa gemu jina la Msafara kwa sababu watu wake wanatembea wameongozana. Yule kijana nikamwita Mgeni. Adui mwenye kinyago nikamwita Bwana Jivu. Kila jioni ya kazi saa kumi na moja mpira unasimamishwa, mmoja anacheza, wengine wanatazama, mimi nasoma. Watu walikuja kutoka Sitalike kwa baiskeli kusikia Mgeni amefikia wapi. Na mimi nilikuwa sijui Mgeni amefikia wapi, nilikuwa naangalia anavyoshika upanga, nakisia kama amekasirika au anaaga.

Hapa kuna siri ya kazi ambayo hamkuijua. Gemu za namna hii, kila mtu aliyesimama kijijini ukimwendea ukabonyeza, anasema maneno yake. Ukirudi kesho ukabonyeza, anasema yale yale. Sasa mwongo atakumbukaje? Nilikuwa na daftari la pili. Nililificha chini ya stabilaiza, na kila kilichonitoka mdomoni nilikiandika: mzee wa kisimani kasema hivi, mtoto wa mlinzi kasema hivi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiwekea kumbukumbu, ikawa ndefu kuliko reli ya Tabora.

Sasa nimtaje Mama Deus, maana bila yeye hakuna cha kuandika.

Alikuwa anauza dagaa na mboga sokoni, na njia yake ya kurudi nyumbani ilipita mlangoni kwetu. Kila jioni, beseni kichwani, anasimama pale kwenye kizingiti. Haingii. Chumba kile kilikuwa cha wanaume na moshi wa sigara, na yeye alikuwa mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, mtu wa heshima zake. Ananisalimia, "Tumsifu Yesu Kristu, Frateri," naitikia, halafu anamwambia mwanawe maneno ambayo hayakubadilika hata siku moja: "Deusi, sikuiti. Nimepita tu kukuona. Ukimaliza njoo. Mlango sifungi, naurudishia tu."

Deus anainua mkono mmoja juu, hageuki. Mama anaondoka. Niliyaona hayo kwa miezi, nikayazoea kama kelele ya jenereta.

Halafu ikapita siku tatu mama hajasimama mlangoni. Ya nne, Mgeni akafika mahali papya, daraja la mawe, na kwenye ncha yake amesimama mwanamke mmoja peke yake. Deus akamwendea, akabonyeza. Njiti zikatokea. "Frateri, anasemaje?"

Sikuwa na kitu. Nawaambia kweli, kichwa kilikuwa kitupu. Na kwa kuwa saa ile ndiyo ilikuwa saa yake, nikajikuta natazama mlangoni kumtafuta Mama Deus. Mlango hauna mtu. Maneno yakanitoka yenyewe: "Anasema, sikuiti. Nimepita tu kukuona. Ukimaliza njoo. Mlango sifungi, naurudishia tu."

Deus akabonyeza tena. Nikasema tena. Akaweka pedi chini, sakafuni, wakati dubwana la mtoni linamjia Mgeni na watu wanapiga kelele, "Oya, unakufa! Unakufa!" Akasimama, akanitazama, akasema, "Frateri, nimekumbuka nyumbani." Akatoka.

Yesu na Maria! Nilishikwa na bumbuwazi. Si kwa sababu ametoka. Ni kwa sababu nilimtazama usoni, na hakukuwa na dalili hata chembe kwamba ameyatambua yale maneno. Mtu ameambiwa kitu kimoja kila jioni, miezi na miezi, na akikisikia kwa mwanamke wa kwenye TV anadhani ni kipya.

Alimkuta mama yake kitandani, homa imempanda, hana wa kumpa maji. Akamkimbiza hospitali. Akakaa naye wodini siku ishirini na kitu, akimlisha kwa kijiko, hadi Mungu alipomchukua. Tukamzika Mamba. Baada ya matanga Deus akarudi chumbani, akakaa kiti chake, akasema mbele ya watu wote: "Yule mama wa darajani ndiye aliyenirudisha nyumbani. Bila yeye ningemkuta mama amekufa peke yake." Nilisubiri aongeze kitu. Hakuongeza. Na mimi ningemwambia nini? Kwamba mama yako ndiye aliyekwambia, ila wewe hukuwa na sikio? Mfiwa haambiwi hivyo. Nikaandika tu kwenye daftari la pili, nikalifunga.

Tangu hapo hakuna mchezo wa Msafara ulioanza bila Deus kwenda kwanza darajani kumbonyeza yule mama. Alipoacha magunia akanunua bodaboda, aliandikisha nyuma, kwenye mpira wa kuzuia matope: MLANGO NIMEURUDISHIA TU. Mji mzima uliyasoma. Watu wakawa wanaagana hivyo vijiweni.

Msafara wa pili nao ulikuja na njiti, nikausoma bila taabu. Wa tatu ukaja kwa Kiingereza, na hapo ndipo jasho lilinianza. Njiti hakuna aliyezijua, lakini Kiingereza kuna watu wamekaa darasani. Siku moja mwalimu wa sekondari aliingia kumtafuta mdogo wake. Akasimama, akasoma kioo, akanisikiliza, akasoma kioo tena. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, akamchukua mdogo wake, akaondoka.

Kesho yake nilinunua kamusi. Miaka mitatu nilijifunza, kila asubuhi kabla ya kufungua chumba, maneno kumi kumi. Mke wangu alidhani nimepata barua ya Mzungu. Nilijifunza nikiwa na ndevu nyeupe, nikiwa na aibu, lakini nikajua. Nyie vijana mnaosema mmeshazeeka kwa kusoma, hamjazeeka, ni uvivu tu.

Msafara wa nne ulipotua nilikuwa tayari. Nilisoma kila neno kwa haki. Mtu akisema nenda mashariki ukachukue ufunguo, nami nilisema nenda mashariki ukachukue ufunguo. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kwenye kitubio.

Jumamosi ya tatu Deus akaweka pedi magotini. "Frateri, hii gemu wameiharibu."

"Nani?"

"Waandishi. Wamebadilishwa, naapa. Zamani watu wa humu walikuwa na moyo. Sasa kila unayemsalimia anakutuma ufunguo."

Na chumba kizima kikamuunga mkono. Eti hata mzee wa kisimani hana busara tena. Eti Bwana Jivu wa zamani alikuwa anajutia, huyu wa sasa anacheka tu hahaha. Khaa! Nilikaa tu kwenye stuli yangu. Nimewadanganya miaka yote, wakasema kazi safi. Nimejifunza kazi, kazi imeharibika.

Mjadala ule haukuisha. Zilipokuja simu janja ukahamia kwenye kundi la WhatsApp, Wana Msafara Mpanda, ambamo watu wazima wenye familia waligombana tangu asubuhi. Mrina asali wa Ugalla alikuwa anapanda kichuguu kutafuta mtandao ili tu atume sauti kwamba kampuni imeuzwa kwa watu wasiojua hadithi. Jamaa wa Sitalike akasema hapana, mwandishi wa kwanza alifukuzwa kwa ulevi. Mwingine akaja na habari kwamba yule mwandishi alifariki, na mara moja kila mtu akaamini, maana ilieleza kila kitu. Wakasema aombewe. Na kwa kuwa mimi ni Frateri, wakanitaka niongoze. Mungu wangu, nilisimama katikati ya chumba nikaongoza Baba Yetu kwa ajili ya roho ya marehemu mwandishi wa Msafara, na marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa anasalisha.

Wa tano ukaja, na wa sita, na watu wa kwenye gemu wakaanza kusema kwa sauti zao wenyewe. Ndipo alipoingia Maganga, fundi simu, kidato cha nne, Kiingereza anakisoma kama gazeti. Maganga ni mtu mwema. Alirekebisha pedi nilizokuwa nimezikatia tamaa. Lakini kwenye kundi alikuwa moto. "Nyie wazee mnaabudu kumbukumbu," aliandika. "Gemu ya zamani ilikuwa kijiji kimoja na daraja. Ya sasa ina ramani unatembea wiki nzima. Mnazingua." Deus akajibu, "Ramani haiongei na mtu." Wakawa hivyo kila siku, lakini chumbani walipendana, wakila sahani moja. Ndiyo maana tajiri aliposikia macho yangu yamegoma akasema chumba kiende kwao wawili, Deus asimamie watu, Maganga asimamie mashine. Mmoja peke yake hawezi, na hilo kila mtu alilijua.

Wiki mbili kabla ya kuagwa kwangu, Maganga akapata Msafara wa kwanza, ule ule, kwa Kiingereza, akauweka kwenye simu. Akaucheza. Akafika darajani. Akapiga picha kioo, akaituma kundini, na chini yake akaandika: "Mama wa Darajani ndio huyu. Soma mwenyewe. 'Karibu msafiri. Dawa za majeraha zinauzwa duka la kaskazini.' Basi, hamna kingine. Nimembonyeza mara thelathini. Deus miaka yote anatupiga fiksi."

Watu wakacheka. Wakatuma vikatuni. Mtu akaandika kwamba mpira wa bodaboda ubadilishwe uandikwe DAWA DUKA LA KASKAZINI.

Deus alituma sauti. Kwanza pikipiki ilisikika ikizimwa. Halafu akasema taratibu, "Maganga. Nitanie mimi. Yule mama usimguse."

Maganga ni mjeuri wa hoja, hakuachia. Akasema ushahidi ni ushahidi. Deus akaja kwangu nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti. "Kaka, mimi siwezi kufanya kazi na mtu anayesema nimemzua yule mama. Ukishaagwa, naenda Sitalike na bodaboda yangu. Chumba abaki nacho, au kifungwe." Wote wakaniuliza kundini, Frateri sema wewe uliyesoma. Nami, mzee mzima, nikaandika: "Matoleo hutofautiana." Ulikuwa uongo wangu wa mwisho na mfupi kuliko wote, na ndio ulioninyima raha ya kula.

Ikaja Jumamosi. Mke wangu alipika pilau, soda zikaletwa, watu walijaa hadi nje. Mrina asali alileta dumu zima. Maganga, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameunganisha simu yake na TV kubwa. "Frateri," akasema, "zawadi yetu ni hii. Tusomee Msafara wa kwanza mara ya mwisho." Watu wakapiga makofi. Deus alikuwa amesimama ukutani, helmeti mkononi, kama mtu aliyekuja kuondoka.

Mgeni akaamka kando ya mto. Kisanduku kikatokea, Kiingereza cheupe, hata asiyejua anakisoma. Maganga hakupoteza muda, akamtembeza Mgeni hadi darajani, akabonyeza. Karibu msafiri. Dawa za majeraha. Duka la kaskazini. Chumba kikaangua kicheko, na mtu akasema, "Deus ndugu yangu, kumbe miaka yote ulikuwa unaota?"

Deus akaniambia mimi, "Kaka, waambie."

Nikainama, nikatoa daftari la pili chini ya stabilaiza. Lilikuwa na vumbi na mavi ya mijusi. Nikasema, "Ndugu zangu, mimi seminari nilikuwa mpishi."

Wakacheka, wakidhani ni utani wa kuaga. Nikaendelea. Nikawaeleza zile njiti, na kukohoa kwangu, na hili daftari. Kicheko kikakatika kama umeme.

Mrina asali ndiye aliyeuliza kwanza. "Hata Bwana Jivu?"

"Hata Bwana Jivu."

"Hata ile siku aliyoomba msamaha?"

"Ile niliitunga nikiwa na malaria."

"Sasa," akauliza jamaa wa Sitalike, macho yamemtoka, "tulimwombea nani?"

"Mliniombea mimi. Asanteni, nilikuwa nahitaji."

Hapo chumba kikalipuka, wengine wakicheka, wengine wakinitukana kwa upendo, mmoja akiniita tapeli wa karne huku akinikumbatia. Maganga alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Kwa hiyo gemu haikuharibika," alikuwa anasema peke yake. "Haikuharibika. Ilikuwa hivi hivi tangu mwanzo. Aisee!"

Lakini Deus hakucheka. Alikuja hadi mbele yangu. "Na Mama wa Darajani naye ulimtunga."

Ningesema ndiyo. Ingetosha, watu wangekula pilau. Nikamtazama yule mtu, mvi zimeshaanza, na mpira wa bodaboda yake uko nje unaonekana kupitia mlango.

"Huyo sikumtunga," nikasema. "Yale maneno ni ya mama yako."

"Mama yangu?"

"Alikuwa anasimama pale mlangoni kila jioni, akitoka sokoni."

"Nilijua anapita." Sauti ilikuwa imeshuka. "Alikuwa anasema hayo?"

"Hayo hayo. Hakubadilisha hata neno."

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya kazi, Deus. Ile siku hakuwepo, ndiyo maana yalinitoka mimi."

Akatafuta pa kukaa, hakuona, akabaki amesimama. Nimewahi kuona watu wakipokea habari za msiba, lakini msiba wa mtu aliyezikwa miaka mingi iliyopita ukiingia upya saa ile ile, sikuwahi kuuona.

"Nami nilikuwa namjibu nini?"

Mke wangu alinivuta shati. Lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo. "Ulikuwa unainua mkono," nikasema.

Deus akapita katikati ya watu, wakampisha. Akaenda hadi kizingitini, akatoka nje, akageuka. "Hapa?"

"Kushoto kidogo. Hapo."

Akatazama ndani. Akatutazama wote, kisha akakitazama kile kiti cha mbele, ambacho Maganga alikuwa amekikalia, pedi mkononi, mgongo mlangoni. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake vizuri. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepita:

"Sikuiti. Nimepita tu kukuona. Ukimaliza njoo. Mlango sifungi, naurudishia tu."

Kiti kikalia. Maganga alikuwa anageuka.

"Usigeuke, Maganga," Deus akasema. "Mimi sikugeuka."

Maganga akaweka pedi sakafuni, akageuka hata hivyo, akamtazama.